Mafua ya Mtu Mmoja katika Nyumba ya Vyumba Sita

Mafua ni maradhi ya njia ya hewa ya juu, yaani pua, koo na mianya inayoviunganisha viungo hivyo, nayo husababishwa na virusi, vimelea vidogo mno visivyoweza kuzaliana mpaka viingie ndani ya seli ya kiumbe hai. Virusi vinavyoongoza kwa kuyaleta ni vya kundi la rinovirusi, ambavyo aina zake zinazojulikana zimepita 150, na wingi huo ndio unaomfanya mtu aliyeugua Juni augue tena Agosti, kwa kuwa kinga aliyoipata dhidi ya aina moja haimsaidii sana aina nyingine inapofika. Dalili huanza siku mbili tatu baada ya kuambukizwa, hupamba moto kwa muda mfupi, na kwa mtu mzima mwenye afya huisha zenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi huweza kung'ang'ania kwa wiki kadhaa baada ya wenzake kuondoka. Dawa ya kuviua virusi hivyo haijapatikana, na vitabu vya tiba havina mengi ya kumwagiza mgonjwa zaidi ya kunywa maji ya kutosha, kutuliza maumivu na kupumzika. Maagizo mawili ya kwanza hayana utata. Kinachochunguzwa hapa ni agizo la tatu, ambalo katika nyumba ya kupanga ya Dar es Salaam ni gumu kulitekeleza kuliko upasuaji.

Nyumba inayokusudiwa ni ile ya Kiswahili, yenye ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua wa nyuma wenye jiko, bomba na choo vinavyotumiwa na wapangaji wote. Katika nyumba nyingi za namna hii kuta za ndani hazifiki kwenye bati, na pale ambapo dari haikuwekwa, hewa, harufu na sauti hupita juu ya vyumba vyote bila kizuizi, kiasi kwamba mpangaji wa chumba cha kwanza anaweza kuitikia "amina" kwa dua iliyoombwa chumba cha sita. Wakati wa joto ujenzi huo una faida zake. Wakati wa kipupwe, majira ya ubaridi yanayoanza Juni na kuishia Agosti, maana yake ni kwamba hakuna awezaye kupiga chafya faraghani. Chafya ya kwanza hujibiwa kwa "Afya!" kutoka vyumba viwili, ya pili kwa "Pole!", na ya tatu huitisha kikao.

Mgonjwa anayechukuliwa hapa kuwa mfano ni karani wa makamo, mpangaji wa Mtoni Mtongani, ambaye mkewe na watoto walikuwa wamekwenda likizo kijijini, hali ambayo kwa mujibu wa sheria zisizoandikwa za nyumba ya kupanga humfanya mwanamume kuwa mali ya umma. Kikao chake kilifanyika uani asubuhi, yeye mwenyewe akiwa amesimama na mswaki mkononi, na ajenda ilikuwa moja tu, nayo ni chanzo cha ugonjwa. Mpangaji wa chumba cha pili alishikilia kwamba ni feni ya usiku, fundi cherehani wa chumba cha tano alitaja soda ya baridi, na bibi mwenye nyumba, ambaye kauli yake ndiyo huandikwa kwenye kumbukumbu, alifunga mjadala kwa kusema, "Nilikwambia, mwanangu, maji ya bomba ya alfajiri si ya kuogwa na mtu mwenye akili zake."

Hoja ya bibi haifai kupuuzwa kirahisi, kwani iliwahi kugharimiwa na serikali ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1946 hadi 1990 nchi hiyo ilikuwa na kituo maalumu cha kuchunguza mafua karibu na mji wa Salisbury, ambako watu wa kujitolea walipewa chakula na malazi, wakatengwa na watu wengine, na baadhi yao wakadondoshewa virusi puani ili wataalamu waone kitakachotokea. Katika majaribio yaliyosimamiwa na Christopher Andrewes, baadhi ya watu hao walikogeshwa maji ya moto, kisha wakasimamishwa kwenye ukumbi unaopitisha upepo wakiwa na nguo za kuogelea zilizolowa, wakatetemeka kadiri sayansi ilivyohitaji, na mwishowe ikaonekana kwamba ubaridi peke yake haukuwaletea mafua. Bibi alipoelezwa habari hizo aliuliza swali moja tu, kama Waingereza hao walioga maji ya bomba la Mtoni, na ilipojulikana kwamba hawakuyaoga, utafiti ukahesabiwa kuwa haujakamilika. Inafaa kuongeza kwamba wapo waliojitolea Salisbury kwa sababu waliyaona makazi hayo kuwa likizo, kwani hapakuwa na kazi wala wageni. Huenda hilo ndilo jambo la maana zaidi lililogunduliwa pale, na halikufika Mtongani.

Kwa mwajiriwa, mapumziko huanzia kwenye karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Mafua hayana tamaa ya kiasi hicho. Siku mbili tatu zingeyatosha. Tatizo ni kwamba cheti chenyewe, kile ambacho watumishi hukiita ED, hakimfuati mtu kitandani, hivyo karani, ili aruhusiwe kulala, alilazimika kuamka mapema kuliko siku za kazi, kupanda daladala hadi Kariakoo, na kukaa kwenye benchi la zahanati moja kati ya mtoto mwenye surua na mzee aliyekuwa akikohoa kwa namna iliyomfanya karani aone aibu kwa kikohozi chake mwenyewe.

Alipofika mbele ya mganga aliulizwa anasumbuliwa na nini, akajibu kuwa ni mafua. "Na nini kingine?" akaulizwa, kwa sauti ya upole ya mtu anayempa mwenzake nafasi ya pili. Kingine hakikuwepo, lakini karani, asije akaonekana amekuja mikono mitupu, alitaja mgongo. Kwa sababu ya mgongo akapelekwa maabara kutoa damu na mkojo. Malaria haikuonekana. Kilichoonekana ni "maambukizi kidogo" katika njia ya mkojo, ambayo mwenyewe hakuwa na habari nayo, na ambayo, kwa uzoefu wa wakazi wengi wa jiji, huonekana kwa yeyote atakayekubali kushika kile kichupa. Akaandikiwa ED ya muda mfupi na dawa za muda mrefu.

Miongoni mwa dawa hizo kulikuwa na kidonge cha rangi mbili, jina ambalo watu wengi huvipa vidonge fulani vya antibayotiki, yaani dawa zinazoua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Bakteria ni kiumbe kamili chenye ukuta wake na mitambo yake ya kuishi, na dawa hizo hushambulia ukuta au mitambo hiyo. Kirusi hakina kimoja wala kingine, kwani ukuta hakina na mitambo huiazima kutoka katika seli kilimoingia, kwa hiyo antibayotiki ikifika kwenye mafua hukosa pa kupiga. Kuimeza bila sababu huwafundisha bakteria wengine usugu, na hilo limeandikwa hata kwenye mabango ya zahanati zinazoigawa. Dawa ya pili ilikuwa klofeniramini, ile ndogo ya njano inayojulikana zaidi kwa jina la Piriton, ambayo huzuia histamini, kemikali ya mwili inayochochea chafya na kamasi. Kwa kuwa ni dawa ya kizazi cha zamani, hupenya pia hadi kwenye ubongo na kuzuia histamini ile inayomweka mtu macho, na ndiyo maana karatasi yake humwonya mtumiaji asiendeshe gari. Karatasi haisemi kitu kuhusu kupanda gari.

Karani alivimeza vyote viwili palepale Kariakoo, akapata siti ya dirishani, jambo ambalo kwa mkazi wa Barabara ya Kilwa ni heri ya kutosha kwa siku nzima, na gari lilipofika Kurasini yeye alikuwa hayupo tena duniani. Aliamshwa na konda kwa kupigwapigwa begani.

"Mzee, mwisho wa gari!"

"Mtongani?"

"Mtongani tumeiacha zamani, baba. Hapa Rangi Tatu."

Ni vigumu kwa mchunguzi makini kuamini kuwa mtu aliyemeza rangi mbili Kariakoo alifikishwa Mbagala Rangi Tatu kwa bahati nasibu, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa, na nauli ya kurudi alilipa upya. Huo ndio usingizi pekee wa maana alioupata katika ugonjwa wake wote, na aliupata ameegemea kioo.

Aliporudi nyumbani alikuta maandalizi ya nyungu. Nyungu ni tiba ya mvuke: majani huchemshwa katika chungu au sufuria, kisha mgonjwa hukiinamia chombo hicho akiwa amefunikwa blanketi gubigubi, akauvuta mvuke puani mpaka jasho limtiririke. Ni tiba ya zamani, lakini mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, ilitoka uani ikapanda majukwaani, Rais John Magufuli mwenyewe akiwahimiza wananchi wajifukize, na tangu hapo ni nadra kuikuta nyumba isiyo na mtaalamu wake. Uthibitisho kwamba mvuke huyafupisha mafua haujapatikana. Unafuu wa muda kwa pua iliyoziba upo, na hatari ya kuunguzwa na maji ya moto nayo ipo, hasa kwa watoto. Katika nyumba ya Mtongani mambo hayo hayakupewa nafasi ya kujadiliwa, kwa sababu majani yalikuwa yameshachumwa.

Yalikuwa ya mwarobaini, mkaratusi, mpera na mlimau, pamoja na mchaichai na tangawizi iliyopondwa, na yalichemshwa katika sufuria kubwa ambalo kwa kawaida hutoka nje kwa ajili ya pilau la shughuli. Karani aliketishwa juu ya kigoda na kufunikwa akiwa na miwani usoni na simu mfukoni, vitu viwili ambavyo wataalamu wa nyungu hawakuwahi kuvitungia kanuni. Miwani iliingia ukungu papo hapo, fremu yake ya chuma ikashika moto, na mgonjwa alipoanza kujitapatapa ili aivue, bibi mwenye nyumba, aliyekuwa ameikalia ncha ya blanketi ili mvuke usitoroke, aliufasiri msukosuko huo kuwa ni ugonjwa unaoaga. "Tulia, mwanangu, ndiyo unakutoka huo!" Wakati huohuo simu ikaita. Kwa kuwa hakuona kitu, karani aliipapasa na kuipokea kwa kubahatisha, na mkuu wake wa kazi, aliyekuwa amepiga kuuliza tu ulipo ufunguo wa kabati la majalada, alisikia pumzi nzito za mtu anayehangaika, maji yanayobubujika, na sauti ya mwanamke mtu mzima ikisema, "Vuta! Vuta, usiogope!" Kisha simu, ambayo haikutengenezwa kwa matumizi hayo, ikazimika. Mtoto wa chumba cha nne alipita, akauona mvuke ukitoka mabegani mwa blanketi, akapaza sauti hadi ukumbini kwamba mjomba anaiva.

Simu ilizikwa ndani ya kopo la mchele ili ikauke, na umuhimu wa tukio hilo dogo utaonekana baadaye. Karani alitolewa nyunguni akiwa mwekundu, akapangusiwa jasho, na kupewa masharti: asiguse maji ya baridi, asipigwe na upepo, asiwashe feni, asilale chali. Alikuwa amebakiwa na ruhusa ya kukaa.

Suala la chakula linahitaji maelezo ya kitaalamu. Sehemu inayonusa iko juu kabisa ndani ya pua, na mengi ambayo mtu hudhani anayaonja kwa ulimi huwa ni harufu iliyopanda huko kutoka kinywani. Pua ikivimba na kujaa kamasi, ulimi hubaki na kazi chache tu za kutambua sukari, chumvi, ndimu na vya namna hiyo. Ndiyo maana karani, alipoletewa uji wa ulezi na binti wa chumba cha tatu, hakujua kwamba uji huo ulikuwa umeungua kiasi cha kukataliwa na nyumba nzima, paka akiwemo. Aliunywa mpaka chini na, kwa adabu aliyolelewa nayo, akasema ni mtamu sana, Mungu ambariki mpishi. Binti, ambaye alikuwa ameshambuliwa kwa maneno tangu asubuhi, aliguswa mno na kauli hiyo, na kwa kuwa alijua sasa mgonjwa anapendelea nini, kila siku alimpikia sufuria lake peke yake na kuhakikisha kwa uangalifu kwamba limeshika chini. Dalili ya kwanza ya kupona kwa karani ilikuwa ni kuusikia moshi wa uji huo, na haikumpa furaha ambayo vitabu humwahidi mtu aliyerudishiwa fahamu zake.

Kisha walikuja wageni. Kumjulia hali mgonjwa ni wajibu ambao Mswahili hausamehewi, na mgeni mwema haji mikono mitupu, kwa hiyo machungwa yalirundikana juu ya meza mpaka redio ikakosa mahali. Chumba kina kitanda kimoja na kiti kimoja. Kiti kilipewa mgeni wa kwanza, kitanda kikapewa wanne waliofuata, na mgonjwa, ambaye kwa umri wake alipaswa kuwaamkia baadhi yao na kwa cheo chake cha mwenyeji alipaswa kuwahudumia wote, alisimama mlangoni, yaani pale palipo na upepo. Mazungumzo ya namna hii yana utaratibu wake. Mgonjwa huulizwa anaendeleaje, hujibu kwamba anaendelea vizuri, anamshukuru Mungu, naye huambiwa kwamba amekonda. Baada ya hapo huachwa kando, na wageni hugeukia ugonjwa wao wenyewe, kila mmoja akitaja uliokuwa mkubwa kuliko wa mwenzake, hadi atokee mmoja wa kukumbuka kwamba marehemu fulani naye alianza hivihivi, kwa mafua tu. Hapo hunyamaza wote na kumtazama mwenyeji wao kwa huruma mpya, wakimenya machungwa yake.

Huko nje mambo yalikuwa yakienda haraka zaidi. Mkuu wa kazi, akiwa mtu wa utu, alikuwa amempigia shemeji wa karani kumweleza alichokisikia. Shemeji aliweka taarifa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba hali si nzuri na kwamba anapumua kwa shida. Na yale mabubujiko ya sufuria, yalipofika kwa mwanaukoo aliyewahi kuuguza hospitalini na anayejua kuwa hewa ya oksijeni hupitishwa kwenye kichupa chenye maji, yalitambuliwa bila shaka yoyote kuwa ni mashine. Simu ya mhusika haikupatikana, jambo lililothibitisha kila kitu. Kufikia jioni mweka hazina alikuwa ameshafungua orodha ya michango, kwa majina na nambari, na tiki ya kijani mbele ya kila aliyetuma. Simu ilipofufuka ndani ya mchele, kitu cha kwanza alichokisoma karani ni ombi la kuchangia matibabu yake, ambamo jina lake mwenyewe lilikuwamo, nambari 11, bila tiki, na chini yake mweka hazina akiwakumbusha ambao bado kwamba ugonjwa haungoji mwisho wa mwezi.

Alikuwa bado anatafuta maneno ya kukanusha bila kumwaibisha mtu wakati shangazi yake alipoingia kutoka Tanga kwa basi la asubuhi, jogoo wa kienyeji akiwa kwapani, akamkuta uani anaanika fulana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akamtazama juu mpaka chini. "Wewe si uko kwenye mashine?"

Haikuwa rahisi kwa karani kujitetea. Mtu aliyesafiri zaidi ya kilomita 300 na jogoo ana haki ya kukuta mgonjwa, na shangazi, ambaye hakuwa tayari kurudi bila kumuuguza mtu, alimwamuru aingie ndani alale, akachinjisha jogoo, akatengeneza supu yenye pilipili manga na ndimu ambayo kila chumba kilidai bakuli lake, kisha akagombana kitaalamu na bibi mwenye nyumba kuhusu majani ya mpera, ambayo Tanga hayatiwi kwenye nyungu ya mafua. Wawili hao walipatana baadaye, wakawa wanakaa mkeka mmoja, wakinywea kikombe kimoja cha chai ya tangawizi ili wasichafue viwili.

Virusi havikuhitaji zaidi ya hapo. Fundi cherehani alianza kupiga chafya kabla ya wiki kwisha, akafuatiwa na binti wa uji, na chafya ikawa inahama ukumbini chumba hadi chumba, huku karani, aliyepona na ambaye ED yake ilikuwa imekwisha, akiondoka kwenda kazini kila asubuhi kwa mwendo wa mtu anayekwenda kupumzika. Bibi mwenye nyumba alijifungia kwa komeo la ndani, na waliogonga kumuuliza sufuria la nyungu liko wapi waliambiwa hajui.

Shangazi aliondoka na machungwa yaliyosalia. Katika kundi la ukoo palibaki swali la fedha zilizokusanywa, ambazo hakuna aliyetaka kurudishiwa kwa kuhofia kuonekana bahili na hakuna aliyejua zihesabiwe vipi, na mjadala ulikuwa mrefu mpaka shangazi alipotuma ujumbe wa sauti kutoka Tanga. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyebanwa pua, kwamba amefika salama, kwamba yeye haumwi, ni kiyoyozi cha basi tu, na kwamba asije mtu. Mweka hazina alikuwa ameshafungua orodha mpya.